Shilingi Hamsini za Charo

Kijana huyu tumwite Charo. Kwao ni Kilifi, ambako baba yake alikuwa mvuvi na mama yake akiuza mahamri na mbaazi kila asubuhi kando ya barabara. Alipofaulu mtihani wa darasa la nane akaitwa shule ya bweni ya wavulana huko bara, mwendo wa siku nzima kwa basi, ukoo mzima ulisimama. Mjomba alinunua godoro. Shangazi alileta shuka mbili na blanketi zito, maana alisikia huko kuna baridi. Mama aliuza mbuzi wawili, akanunua sanduku la bati na kufuli lake, na siku ya safari akamwambia: "Mwanangu, huko sisi hatuko. Utakaokaa nao ndio watakaokuwa ndugu zako. Waangalie vizuri."

Wiki ya kwanza Charo alipata jina jipya: mono. Ndivyo alivyoitwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule nyingi za bweni nchini Kenya, na jina hilo lilikuja na mateso yake. Aliamshwa usiku wa manane kufua soksi za wakubwa. Aliamriwa kupuliza taa ya umeme hadi izime, na kuogelea juu ya sakafu kavu huku bweni zima likicheka. Wiki ya pili kufuli la sanduku lilivunjwa. Sukari, siagi na maziwa ya unga vikaenda. Hakumwambia mwalimu, kwa kuwa alikwisha kuona yaliyompata mwenzake aliyesema.

Jioni ile akajiwa na kijana wa kidato cha tatu ambaye shule nzima ilimwita Jenerali. Aliketi kitandani kwa Charo, akamuuliza kwao ni wapi, kisha akasema kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa bweni: "Huyu ni mdogo wangu. Atakayemgusa anitafute mimi." Kulipokucha, sukari ilikuwa imerudi juu ya sanduku.

Kisa hiki kiliishia kwenye moto, lakini kilianzia hapo, kwenye sukari.

Muhula mzima Jenerali hakumwomba chochote. Charo alikula nao meza moja, akacheka nao, akagawiwa parachichi na mkate wa kantini, akapewa na cheo: Kamishna. Tuseme ukweli, raha ile ilikuwa raha ya kweli. Mtoto wa miaka 15 aliye mbali na kwao, aliyelala usiku baada ya usiku akiogopa nyayo za watu gizani, akipata watu wanaomwita kwa jina la heshima, moyo wake hutulia. Mzazi anayedhani kwamba mtoto huvutwa na kundi baya kwa sababu ana ubaya ndani yake hajalielewa jambo hili. Wengi huvutwa na wema wa mwanzo wa kundi lenyewe.

Muhula wa pili maombi yakaanza, tena madogo. "Kamishna, nihifadhie simu hii kwenye sanduku lako, wewe hakuna anayekushuku." Simu ni marufuku kwa wanafunzi, lakini kuihifadhi kulimgharimu nini? Kisha akaombwa asimame kwenye kona ya vyoo na kupiga mluzi akimwona mlinzi, wakati wakubwa wakiruka ua kwenda kubeti mechi za mpira. Kisha akaombwa abebe kifurushi bila kuuliza kina nini. Kila ombi lilizidi kidogo lile la jana, na kila alilolitimiza lilifanya la kesho lionekane la kawaida.

Kwenye kitanda cha chini yake alilala kijana wa Makueni, tumwite Mutua. Walifika shuleni siku moja na wakaonewa pamoja. Mutua na wenzake wawili walikuwa na desturi ya kukutana kila Jumamosi nyuma ya maabara kufanya hesabu za mitihani ya miaka iliyopita. Hawakuwa na vyeo wala parachichi. Charo alikwenda mara mbili tatu, na kila aliporudi mezani akapokewa kwa makofi ya dhihaka: "Profesa amerudi! Mpisheni profesa!" Akaacha kwenda. Mutua hakununa. Kila Ijumaa usiku aliinua kichwa na kusema maneno yale yale: "Charo, kesho tuko nyuma ya maabara. Nafasi yako ipo."

Muhula wa tatu likatokea jambo ambalo Charo hakulipa uzito. Jenerali alimletea bangi aifiche sandukuni. Charo akakataa. Alisema kwa upole, hata kwa kuomba radhi: "Hapana, hii siwezi, wakubwa." Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Ila jioni hiyo kiti chake mezani kilikuwa na mtu mwingine. Kesho yake hakuna aliyeitikia salamu yake. Siku ya tatu wanafunzi wa kidato cha pili walianza tena kumtuma maji usiku, na meza yote ya Jenerali ikaona na kunyamaza. Siku ya nne Charo alikwenda mwenyewe kuomba msamaha, akakipokea kile kifurushi kwa mikono miwili.

Msomaji, simama hapo kidogo. Charo alikuwa amekosa vikao vya Mutua muhula mzima, na nafasi yake nyuma ya maabara ilikuwa bado ipo. Kwa Jenerali alikataa mara moja tu, na nafasi yake ikapotea kabla ya chakula cha jioni. Kundi hupimwa kwa namna linavyomtendea anayesema hapana. Charo alipewa jibu la mtihani huo mapema, na hakulisoma.

Mwaka uliofuata Charo aliingia kidato cha pili na Jenerali kidato cha nne. Muhula wa pili wa shule za Kenya unajulikana kwa vurugu: mitihani ya majaribio ya watahiniwa hukaribia, uchovu huwa mwingi, na kila kero ya shule hupata msemaji. Mwaka huo mwalimu mkuu alikuwa amewanyima wanafunzi ruhusa ya kutazama fainali ya mpira. Wiki moja kabla ya mitihani, Jenerali aliwakusanya vijana tisa nyuma ya bafu.

"Tukiwasha bweni, shule itafungwa wiki mbili," alisema. "Tutawasha wakati wa prepu. Watu wote watakuwa madarasani. Hakuna atakayeumia. Kila mtu atoe hamsini ya petroli."

Kukawa kimya. Charo aliangalia nyuso za wenzake akitafuta mmoja atakayesema neno. Wenzake nao walikuwa wakiuangalia uso wake. Katika maelezo waliyoyaandika baadaye kwa polisi, vijana sita kati ya wale tisa walisema hawakutaka; kila mmoja alidhani kwamba ni yeye peke yake anayeogopa, akanyamaza asionekane mwoga. Jenerali akanyoosha mkono. Wa kwanza akatoa, wa pili akatoa, na ulipofika kwa Charo, hamsini ikatoka mfukoni kabla moyo haujakubali. "Na atakayekuwa snichi," Jenerali akamaliza, "anajua."

Kwa siku mbili zilizofuata Charo hakula vizuri. Mutua alimwona, akamuuliza wakiwa kwenye foleni ya githeri: "Ndugu yangu, una nini?" Neno lilifika mdomoni. Lingetoka, kisa hiki kisingekuwapo. Lakini Charo aliiona meza ya Jenerali ikimtazama, akasema: "Sina kitu."

Alhamisi usiku, saa mbili na robo, bweni liliwaka. Halikuwa tupu. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza, ambaye wengi hata jina lake hawakulijua, alikuwa na malaria, na muuguzi wa shule alikuwa amemruhusu asiende prepu. Mlinzi wa shule, mzee wa kijiji cha jirani, alisikia mtu akikohoa ndani ya moshi. Aliingia. Alimvuta mtoto hadi mlangoni, na hapo kipande cha dari kikamwangukia begani na mkononi. Mtoto alipona. Mkono wa kulia wa yule mzee haujakunjika tena tangu usiku huo, na mlinzi asiyeweza kushika rungu wala tochi hana kazi.

Polisi walikuja usiku ule ule. Wa kwanza kuandika maelezo alikuwa Jenerali, naye aliandika majina tisa, la Charo likiwa juu kabisa. Yule aliyewatisha wenzake wasiwe snichi, yaani wasichongee, aliwataja wote kabla hajaulizwa mara ya pili.

Mama yake Charo alisafiri usiku kucha. Ofisini alipewa barua ya kila mzazi kuchangia ujenzi wa bweni jipya, akaisoma, akaikunja, akamgeukia mwanawe.

"Na wewe ulitoa pesa?"

"Shilingi hamsini, mama."

"Hizo nilikupa za sabuni."

Hakusema zaidi ya hapo. Baba aliuza dau lake. Jenerali, aliyekuwa ametimiza miaka 18, alipelekwa mahakama ya watu wazima. Charo, kwa kuwa alikuwa na miaka 16, alishtakiwa kama mtoto, akawekwa chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni. Shule ilimfukuza. Alikaa nyumbani mwaka mzima akimsaidia mama kukanda unga, kisha akaanza upya katika shule ya kutwa, darasa moja na watoto aliowaacha shule ya msingi. Katika mwaka ule wa nyumbani alipata bahasha moja tu kutoka kwa watu wa shule. Ndani yake mlikuwa na karatasi za hesabu zenye majibu yaliyoandikwa kwa mkono. Zilitoka kwa Mutua. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Yaliyotokea kweli

Kisa cha Charo ni cha kutunga. Mambo yaliyokiunda si ya kutunga, na baadhi ya yaliyotokea kweli yana uchungu kuliko hiki.

Mwezi Machi 1998 moto uliteketeza bweni la wasichana Bombolulu, Kwale, wasichana 26 wakafa. Mwaka 1999 katika shule ya upili ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne katika chumba chao usiku, wakamwaga petroli na kuwasha. Wote wanne walikufa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, liliwashwa kwa petroli wavulana wakiwa wamelala. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Walikufa wavulana 67. Wanafunzi wawili walishtakiwa kwa mauaji. Mwaka huo huo serikali iliunda jopo lililoongozwa na Naomi Wangai kuchunguza utovu wa nidhamu na ghasia katika shule za upili, na mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni unaotaka milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Hata hivyo mwaka 2016, katika miezi michache tu, shule zaidi ya 100 nchini Kenya zilichomwa, na mwaka 2017 wasichana 10 walikufa katika bweni la shule ya wasichana ya Moi, Nairobi. Mwongozo unaweza kupanua mlango. Hauwezi kumfungua kinywa mwanafunzi aliyejua mpango akanyamaza.

Liko tukio moja linaloonyesha shinikizo la kundi likiwa wazi kabisa. Julai 1991, katika shule ya mseto ya St. Kizito, Meru, wavulana waliamua kugoma na wakataka wasichana wajiunge. Wasichana walikataa. Usiku wa tarehe 13 wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na wengine 71 walibakwa. Wasichana wale walilipia neno moja, hapana. Kati ya wavulana walioingia mle bwenini, bila shaka walikuwamo waliokwenda kwa sababu wenzao walikwenda. Hilo halikumrudisha hata msichana mmoja.

Nayo sheria haina nafasi ya aliyetoa hamsini tu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 332, inasema anayechoma jengo kwa makusudi anaweza kufungwa maisha. Kifungu cha 21 kinasema watu wawili au zaidi wakikusudia pamoja kutenda uovu, na katika kuutenda kosa likatokea ambalo lingeweza kutarajiwa, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda. Aliyepiga mluzi na aliyechanga husimama kizimbani pamoja na aliyewasha kiberiti. Sheria humpunguzia adhabu mtoto kwa ajili ya umri wake. Haimpunguzii kwa kuwa alifuata wenzake.

Kwa nini vijana werevu hufuata

Kuna wanaosema: mwanangu ana akili, hawezi kufuata ujinga. Akili peke yake haitoshi. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch, huko Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio jepesi. Aliwaonyesha wanafunzi wa chuo mstari mmoja na mingine mitatu, akawauliza ni upi kati ya ile mitatu unaolingana na wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Lakini chumbani, watu wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa watoe jibu lisilo sahihi kwa sauti. Karibu watatu katika kila wanne kati ya waliojaribiwa walifuata uongo wa kundi angalau mara moja, huku macho yao yakiona ukweli. Kama watu wazima walikubali kundi liwadanganye kuhusu mstari uliochorwa kwenye karatasi, mtoto wa miaka 16 atasimamaje nyuma ya bafu mbele ya Jenerali?

Lakini jaribio lile lilizaa habari njema pia. Asch alipomweka chumbani mtu mmoja tu aliyetoa jibu sahihi, nguvu ya kundi ilivunjika, na waliofuata uongo wakapungua sana. Aliyehitajika ni mtu mmoja. Wale vijana sita wa nyuma ya bafu walimkosa huyo mmoja, na kila mmoja wao angeweza kuwa yeye.

Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple walichapisha utafiti mwingine. Waliwachezesha watu wa umri mbalimbali mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, baadhi wakiwa peke yao, wengine marafiki wakiwa pembeni. Watu wazima hawakubadilika. Vijana wa miaka 13 hadi 16, walipotazamwa na wenzao, walijihatarisha karibu mara mbili zaidi. Mtoto unayemjua nyumbani, mpole na mwenye kufikiri, ni mtoto huyo kweli. Lakini akiwa na wenzake, uamuzi wake unabeba mzigo ambao wewe huuoni. Ndiyo maana kumwambia "ukiombwa kufanya baya, kataa" hakutoshi. Ikifika saa ya kuombwa, umechelewa. Uamuzi wenyewe hufanywa miezi mingi nyuma, mtoto anapochagua meza ya kula.

Namna ya kulipima kundi

Hivyo basi, ewe mwanafunzi, utalijuaje kundi? Usilipime kwa mavazi, wala kwa alama za mtihani, wala kwa dini ya wazazi wao. Wapo vijana wenye alama za juu wanaouza majibu ya mitihani, na wapo wakorofi wa darasani ambao hawatakuacha uzame. Angalia mambo haya.

Angalia siri zao. Rafiki anayekueleza huzuni ya nyumbani kwao anakuamini. Rafiki anayekupa kitu cha kuficha anakutumia. Ukigundua kwamba karibu kila jambo mnalofanya pamoja lingewatia aibu mbele ya mama zenu, umeshajua mlipo.

Angalia wanavyowatendea wadogo. Jenerali alimrudishia Charo sukari kwa sababu alijua aliyeiiba. Na aliyemjua mwizi miezi yote na kumwacha aendelee kuiba si mlinzi wa mtu. Kundi linalofurahia kumwona mono akiogelea sakafuni litakufurahia na wewe siku yako ikifika.

Angalia deni. Wema wa kweli hausomewi hesabu. Ukisikia "tulikusaidia, sasa ni zamu yako", ujue ulichopewa kilikuwa mkopo, na riba yake hupandishwa na mwenye mkopo apendavyo.

Na juu ya yote, angalia hapana yako inapokelewa vipi. Marafiki wema watakutania, watakusihi, pengine watakasirika, kisha kesho watakuitikia salamu. Wanaokunyima salamu kwa kuwa umekataa bangi, au umekataa kuiba mtihani, au umekataa kumcheka mtoto mnyonge, wameshakueleza urafiki wao una thamani gani.

Kuhusu kusema. Shuleni hakuna tusi linaloogopwa kama snichi, na nguvu yake yote iko kwa wenye jambo la kuficha. Kumchongea mwenzako ili upate sifa kwa mwalimu ni tabia mbaya, na unafanya vyema kuichukia. Kuzuia bweni lisiwake ni kuokoa maisha, yakiwamo ya huyo anayetaka kuliwasha. Kama Charo angemwambia Mutua, muuguzi, mlinzi au mwalimu mmoja wa zamu, Jenerali angepata adhabu ya shule na kufanya mtihani wake wa mwisho. Kunyamaza kwa marafiki zake ndiko kulikompeleka kizimbani. Kama huna mtu wa kumwamini pale ulipo, Kenya na Tanzania zote zina namba ya bure ya kuwasaidia watoto, 116.

Neno kwa wakubwa

Wazazi, mtoto akirudi likizo tumezoea kumuuliza amekuwa wa ngapi. Muulize pia: unakula na nani? Nani analala juu yako, nani chini yako? Nani alikuudhi, na nani alikutetea? Yajue majina hayo kama unavyoyajua masomo yake. Siku ya kutembelea wanafunzi, mwalike rafiki yake ale nanyi chakula mlichobeba. Na mtoto akikueleza jambo baya la wenzake, usikimbilie kufoka, maana ukifoka leo, kesho atamweleza Jenerali.

Walimu, kundi baya huota mizizi pale mlipoacha pengo. Charo hakumtafuta Jenerali. Alitafuta usalama, na shule haikumpa. Jenerali akampa kwa bei yake. Shule inayowaacha wanafunzi wageni waonewe kwa kisingizio kwamba ni desturi, inawaandikisha watoto hao katika makundi kwa mkono wake yenyewe. Mlindeni mono katika wiki zake mbili za kwanza, mpeni mkubwa mwema wa kumwongoza, wekeni njia ya kutoa malalamiko isiyomwanika anayelalamika, na mtakuwa mmefanya kazi kubwa kuliko ya kuongeza urefu wa ua.

Na wewe mwanafunzi, usingoje mpaka uombwe jambo kubwa ndipo ulijue kundi lako. Wiki hii hii, wakikualika kwenye jambo dogo usilolipenda, sema hapana, kisha utazame. Wakiipokea, kaa nao na uwe mwema kwao. Wakikuadhibu kwa ajili yake, ondoka mapema, na umweleze mtu mzima mmoja kwa nini umeondoka.